Mwaka wa Kutazama Ukuta Nyakabere

Mzee Kashindi alinipigia simu akaniita mkwe. Nilikuwa kwenye depo yangu Kavimvira, katikati ya mabati na mifuko ya simenti, wapakizi wamesimama wakingoja neno langu, na ile sauti yake ya puani ikaniingia sikioni kama nzi. "Mkwe, mama mkwe wako ametutoka. Kilio iko hapa Nyakabere. Tuko tunakungojea, na unajua mkwe mukubwa anafikaka na nini." Nilijua. Mkwe mkubwa hufika na ng'ombe, anamfunga nje ya uzio, watu wanapiga makofi. Nilikata simu bila kujibu, nikatema mate chini, mimi ambaye nimewakataza wapakizi wangu kutema mate ndani ya depo. Halafu nikaketi juu ya simenti nikalia kidogo. Nilimlilia yule mama, si wao. Wao sijawasamehe hata leo, na ninataka kuandika sababu yake hapa, ili wajukuu wangu wasije wakadhani nilikuwa mtu mbaya tu asiyejibu simu za wazee.

Sitaeleza nilizaliwa katika ukoo gani. Ukoo haukunisaidia kitu. Nilitoka shuleni darasa la tano, na kila nilicho nacho nimekifanya kwa mikono hii miwili: depo, malori, nyumba ya etaji, yaani ghorofa, ambayo watu wanaovuka mpaka kutoka Burundi wanaiona kabla ya kuona bendera. Wenye diplome zao wananiita patron, bosi, na mimi ninawaacha waniite. Lakini mwaka huo ninaousema nilikuwa kijana wa baiskeli. Nilibeba mawese kutoka Makobola hadi Kavimvira, vidumu vimefungwa nyuma na pembeni mpaka baiskeli yenyewe huioni, nikipita Uvira yote huku nimeinama kama mzee. Nilikuwa pia na binti, Noela, ambaye hakuwa bado na mwaka, na nilikuwa sijawahi kumbeba. Mama yake, Esperansi, tulikaa naye katika chumba changu kwa miezi michache, tumbo likakua, halafu siku moja kaka zake wakaja kutoka Nyakabere wakamchukua yeye, sufuria zake, na godoro langu. Sikuwa nimetoa mahari. Hilo sikatai. Nani alikuwa na ng'ombe? Nilikuwa na gurudumu la nyuma linalovuja upepo.

Nilikwenda kwa shefu wa kijiji kulalamika, na shefu, lazima niseme ukweli, aliamua vizuri. Alituita wote uani kwake, mimi peke yangu upande mmoja, wao kumi na kitu upande mwingine, Mzee Kashindi akiwa mbele kwa kuwa ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba yake Esperansi na ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba ile. Shefu akasema: "Hawa bantu wawili wameachana. Mutoto hakuachana na mutu. Baba atamulisha, baba atamuona. Kila Jumapili kanisa ikitoka, analeta chakula, anaikala na mutoto wake, anaenda. Njo nimemaliza." Nilitoka pale nikiimba. Nilikuwa mjinga. Nilifikiri neno likishatoka kinywani mwa shefu limekwisha, kumbe neno lilikuwa bado lina safari ya kupita uani kwa Mzee Kashindi.

Jumapili ya kwanza nilioga mpaka ngozi ikauma ili kuondoa harufu ya mawese. Nilibeba samaki wa mukeke wakubwa watatu niliowanunua kwa wavuvi alfajiri, sukari, sabuni, unga wa uji, na kanga ya kumfungia mtoto. Nilipofika, Mzee Kashindi alikuwa amekaa barazani na kaka zake Esperansi na watu wengine wa ukoo ambao sikuwajua, wote wamenyoa, wote wamevaa mashati ya kanisani, wanatazama kikapu changu hata kabla ya kunitazama uso. Kikapu kikapokelewa kikaenda nyuma jikoni. Nikauliza: "Mutoto iko wapi?" Mzee akasema: "Iko mu saloni, na koko wake." Koko ni nyanya, yaani mama yake Esperansi. Nikanyanyua mguu kuingia, na wote wakapiga kelele kwa pamoja, kama mtu anayekaribia kukanyaga nyoka. "We! Weye! Unaenda wapi? Mama mkwe iko ndani!"

Kwetu mkwe mume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamwiti jina, hampi mkono. Akimwona njiani anageukia majani mpaka apite. Tena mkwe ambaye hajapeleka ng'ombe wake hali chakula uani kwa wakwe, hata maji hanywi. Hiyo ni heshima, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kudharau heshima. Basi nikarudi nyuma. Wakaniwekea kiti uani, nikatazamishwa ukuta wa nyumba ya pili ya uani, mgongo kwenye mlango wa saloni, ili mama mkwe akipita nisimwone. Nikangoja waniletee mtoto. Hakuna aliyemleta. "Mutoto anazoea koko wake tu," alisema Mzee Kashindi, "akimutosha kwa mugongo yake analia." Nikakaa pale. Ukuta ule wa matofali mabichi ulikuwa umepigwa chokaa nusu, chini umebanduka, na palikuwa na njia ya mchwa iliyopanda hadi kwenye dirisha. Ninaweza kuichora hadi leo. Nyuma yangu ndani ya saloni nilimsikia mtoto wangu akigonga kitu cha bati, ting, ting, na akicheka.

Halafu chakula kikaja. Mukeke wangu. Waliwapika na nyanya na vitunguu, bugali ikageuzwa kwenye sinia kubwa, na wanaume wale wakakaa nyuma yangu wakala chakula cha mtoto ambaye hakuwa na meno. Sikuwaona, nilikuwa nimetazama ukuta, lakini niliwasikia, na kusikia ni kubaya zaidi. Walinyonya vichwa vya samaki. Walivunja mifupa, wakatema, wakaramba vidole mmoja mmoja. Mzee Kashindi alikuwa na tabia ya kusukutua mdomo na maji halafu kuyameza. Kaka mmoja wa Esperansi akasema, "Shemeji, mukeke yako ya leo iko na mafuta muzuri," na wengine wakacheka. Mwingine akasema, "Mutoto ameshiba kabisa," akapiga tumbo lake mwenyewe, likalia kama ngoma iliyolowa. Mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. Mbwa wao alipata mfupa. Mimi nilipata ukuta.

Na Jumapili zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, ila walaji waliongezeka. Habari ilikuwa imeenea kwamba Jumapili kwa Kashindi kuna samaki. Watu wa ukoo walishuka kutoka njia ya Lemera, na miguu yao ya matope, kuja "kumuona mutoto." Waliomwona ni wao. Mara moja Esperansi alipita karibu na kiti changu amebeba ndoo, akaniambia bila kusimama: "Kanga uliyoleta, baba mukubwa alimupatia bibi yake." Nikamuuliza: "Na weye unasema nini?" Akasema: "Minye nitasema nini? Nalala kwa nyumba yao." Sikumchukia. Alikuwa anakonda. Lakini wale wengine, jinsi walivyokuwa wakinawa mikono baada ya kula na kukung'utia maji karibu na mgongo wangu, mpaka shati langu linalowa! Leo nina watu wa kunifulia na kunipigia pasi, na bado ninayasikia yale matone.

Sasa sikieni ujanja wenyewe, maana mimi sikusoma lakini hesabu ya watu ninaijua. Ilikuwa karibu na ubatizo wa mtoto. Nikamwomba Mzee Kashindi kwa adabu zote, mikono nyuma, kwamba Noela aitwe kwa jina langu. Akaniangalia kama nimemwomba mke wake. "Jina lako? Weye iko nani hapa?" Nikasema: "Minye niko baba wa mutoto. Niko mkwe wenu." Akawageukia wenzake: "Mkwe! Munasikia? Ng'ombe yake iko wapi? Nani aliona ata mukia?" Wakacheka. "Kijana, ile mutoto iko ya nyumba hii. Weye si mkwe ya muntu. Weye unaleta chakula tu juu shefu amesema." Na saa ileile, bado wanacheka, mama mkwe akakohoa ndani akitaka kutoka, na Mzee Kashindi akanipigia kelele: "Mkwe! Geuka kwa ukuta! Haya hauna?"

Nilirudi Kavimvira kwa miguu nikisukuma baiskeli, sikuweza hata kuipanda. Kichwa kilikuwa kinageuza maneno hayo kama mtu anayegeuza jiwe kutafuta nge. Siku ya adabu mimi ni mkwe. Siku ya haki mimi si mkwe. Wakati wa kuingia saloni ninafungwa na heshima ya mkwe, wakati wa kupewa mtoto hiyo heshima haipo.

Noela alipoanza kusimama, ndipo mambo yalipovunjika. Jumapili hiyo walikuwa wamekwishakula na mmoja wao alikuwa anakoroma. Nikasikia nyuma yangu hatua ndogo, pa, pa, pa, miguu ya mtoto kwenye sakafu ya saruji, na sauti ya koko ikisema polepole kwa Kifuliiru, njoo, njoo, rudi hapa. Lakini mtoto hakurudi. Hatua zilikuja mlangoni. Alikuwa anakuja kwangu, mimi ninasema hivyo na hakuna wa kunibishia. Halafu akakwama kwenye kizingiti akaanguka na uso, nikasikia paji la uso likigonga saruji. Kilio hakikutoka upesi, ule ukimya kwanza, ambao kila mzazi anaujua. Nikaanza kugeuka. "Mkwe!" Mzee Kashindi akapaza sauti. "Usigeuke! Mama mkwe ameinama, kanga yake imefunguka!" Na mimi, mwanaume mwenye mikono ya kubeba vidumu, nilirudisha uso wangu ukutani, damu ya mtoto wangu ikimwagika hatua moja nyuma yangu.

Sikukaa hivyo muda mrefu. Nilisimama nikasema kwa sauti iliyomwamsha yule mkoromaji: "Minye si mkwe wenu! Mumesema wenyewe. Hamukupokea kitu yangu, minye niko mugeni hapa, na mugeni anaangalia mwenye anataka!" Nikageuka. Nikamtazama yule mama usoni mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa mwanamke mfupi, jicho moja limefanya ukungu, na alikuwa ameogopa kuliko mimi. Nikaingia saloni yake yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, nikamchukua Noela sakafuni, nikamfuta damu kwa shati langu. Alikuwa mzito. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba alikuwa mzito hivyo. Alinitazama, akasahau kulia, akanishika pua.

Mzee Kashindi hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alifurahi. Alisimama mlangoni meno nje, bado yana nyama ya samaki katikati. "Mumesikia bote? Amesema kwa kinywa yake: si mkwe, iko mugeni. Sasa mugeni anatafuta nini kwa mutoto ya bantu?" Wakaninyang'anya Noela, vidole vyake vikinivuta kola, wakanipeleka kwa shefu papo hapo. Shefu alinionea huruma, niliiona, lakini mashahidi walikuwa wengi. Akasema: "Kijana, minye nilipatia Jumapili kwa baba. Kama weye mwenyewe umesema iko mugeni, nitakupatia Jumapili kwa jina gani?" Basi. Niliingia kwenye mtego niliouona, kwa macho yangu mawili, kwa sababu mtoto alikuwa analia. Ningekuwa nimeona ishirini kama huo ningeingia vilevile.

Nilikuwa tayari barabarani, ninafunga kikapu kitupu kwenye baiskeli, aliponifikia yule mama. Alikuwa amekimbia, anahema. Alisimama mbele yangu kabisa, akaniangalia kwa lile jicho moja zima, toka kichwani hadi miguuni. "Kumbe njo sura iko hivi," alisema. "Mubaya kidogo, lakini mutoto ameichukua." Nilikuwa nimezoea kumgeukia majani. Akaendelea: "Sasa weye si mkwe, naweza kukuangalia, naweza kukusemesha. Unauzisha mawese, si njo?" Nikasema ndiyo. "Mutu wa mawese anaingia mu jikoni ya kila mama, hakuna mwenye anamufukuza. Ukuje kati ya juma, wakati hawa bakulaji bako mu mashamba. Uite hodi kwa nyuma." Nikamwambia, kwa hasira bado: "Mama, ulinifungia mutoto miezi yote ile." Akatoa ulimi kama mtoto. "Na minye? Unafikiri nilipenda kuikala mu ile saloni na joto, kila Jumapili, nisiende ata choo juu mkwe iko inje? Waliniambia nikitoka nimekuvunjia heshima. Ukae na heshima yako kwa ukuta, na minye kwa kibofu."

Hivyo ndivyo nilivyomlea mwanangu miezi iliyobaki ya mwaka ule na miaka iliyofuata, kama mfanyabiashara wa mawese. Jikoni kwake palikuwa peusi kwa moshi, sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, kuku wanapita kati ya miguu, na palikuwa mahali pazuri kuliko nyumba yangu ya etaji. Yule mama alikuwa mkali. Alichovya kidole kwenye kila kidumu, akalamba, akasema kimechanganywa, akanipunguzia bei kama vile hakunijua. Lakini alipokuwa akipunguza bei, Noela alikuwa kwenye goti langu anakula uji niliouleta mimi, kutoka kijiko nilichoshika mimi, na uji huo uliingia katika tumbo lililokusudiwa. Mtoto alianza kusema. Neno aliloniita lilikuwa "Mawese." Alinisikia nikipiga hodi nyuma ya nyumba, akakimbia: "Mawese! Mawese!" Koko wake alicheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilicheka pia, kwa meno tu.

Siku moja Mzee Kashindi alirudi mapema kutoka shambani, jembe begani, akaingiza kichwa jikoni. Mimi niko chini, mtoto amelala kifuani kwangu, mdomo wazi. Alijua, bila shaka alijua. "Huyu ni nani?" akamwuliza yule mama. "Mutu wa mawese," akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye kinu. Mzee akamtikisa mtoto mguu mpaka akaamka. "Noela, huyu ni nani?" Mtoto akasugua macho. "Mawese." Akaniuliza na mimi, anatabasamu: "Na weye, unasema iko nani?" Niwe mkweli, nimewahi kukaa mbele ya wanajeshi wa kizuizi na bunduki kifuani, nikawajibu jeuri. Siku hiyo nilimeza mate yangu, yalikuwa machungu kama kwinini, nikasema: "Mutu wa mawese, mzee." Aliondoka anapiga mluzi. Usiku huo niliapa kwamba nitakuwa mtu mkubwa kiasi kwamba yule mzee hatakuwa na mahali pa kutazama asinione. Nimekuwa. Noela alipoanza shule, ni yule mama aliyemleta kwa mkono hadi kibandani kwangu Kavimvira akamwambia mbele ya wateja: "Mawese ni baba yako. Umuombe viatu." Basi.

Nilikwenda kwenye matanga bila ng'ombe. Mzee Kashindi, amezeeka sasa, amebaki ngozi na sauti, alinipokea kwa mikono miwili na kupaza sauti ili turubai yote isikie: "Mkwe wetu amefika!" Macho yake yakatazama nyuma ya gari langu, yakatafuta kamba, yakatafuta pembe, yakarudi. "Ng'ombe iko nyuma, mkwe?" Walikuwa wamenipangia kiti upande wa wakwe, kando, wale wasiokula. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kutoka Kavimvira hadi pale nilikuwa nimeyapanga kama mabati, nilitaka kumweleza mbele ya watu wote samaki wangu wote aliowala. Nikafungua mdomo.

Noela alinitangulia. Ni mwalimu sasa, ana watoto wake, kovu la kizingiti bado liko juu ya nyusi. Alitoka kule nyuma kwa wanawake, amefunga kanga ya msiba, amebeba sahani, akapita katikati ya wajomba zake wote bila kumwomba mtu njia. Akaiweka mapajani mwangu. "Papa," akasema, "kula." Mzee Kashindi akasema polepole: "Mutoto, mkwe mwenye hajatoa ng'ombe hakulaka hapa." Noela hakumgeukia. "Najua, mzee. Njo maana minye mutoto wake nimemuletea." Halafu kwangu, kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwa wanafunzi wake: "Papa, maneno yako utayasema kesho. Kula."

Bugali ilikuwa mbichi katikati. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa na mchanga, na mtu fulani alikuwa ametia mafuta yaliyooza. Wote walinitazama. Nilikula mpaka sahani ikaonyesha maua yaliyochorwa ndani yake.